Ufugaji Ughaibuni (2): Mbuzi Akishachanjwa

Juma lililopita tuliishia kwenye chanjo. Leo tutazame kinachobaki: sindano, bomba lake, glavu zenye damu, chupa yenye matone mawili matatu. Wakongomani na Wabantu wa Kisomali waliohamia Louisville (Kentucky), Columbus (Ohio) na Buffalo (New York), walio wafugaji tangu utoto, hawahitaji kufundishwa kumshika mbuzi. Kigeni kwao ni taka.

Kule nyumbani bwana mifugo huja na vifaa vyake na kuondoka navyo. Marekani mfugaji huchoma dawa nyingi mwenyewe, ingawa tangu Juni 2023 antibiotiki za mifugo zilizo muhimu pia kwa tiba ya binadamu hazipatikani bila cheti cha daktari wa mifugo. Basi sindano ni yake, na balaa lake pia. Usiirudishie kifuniko, hapo ndipo vidole hudungwa. Itumbukize papo hapo kwenye chombo cha plastiki ngumu (dumu la sabuni ya kufulia linafaa), kikikaribia kujaa kifunge kwa selotepu, andika kilichomo, uulize kaunti yako hupokelewa wapi. Kisiingie kwenye pipa la taka za kurejelezwa: huko wapo wanaozichambua kwa mikono.

Kudungwa si mchezo. Tilmikosini, dawa ya mapafu ya ng'ombe iuzwayo kwa jina la Micotil, imeua watu waliojichoma kwa bahati mbaya. Hushambulia moyo, wala haina kiuasumu. Chanjo ya orf, ile ya vidonda vya mdomo vya mbuzi na kondoo, ina virusi hai. Tone likiingia kwenye mkwaruzo, mchanjaji huota lengelenge kidoleni.

Linalonisumbua zaidi ni mzoga. Kentucky humpa mfugaji saa 48 kuuondoa. Akiuzika, shimo liwe la futi 4 na mzoga ufunikwe kwa chokaa. New York inataka futi 3. Ohio inaruhusu kuugeuza mboji, ila mfugaji sharti apate kwanza mafunzo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell huelekeza hivi: tandaza vibanzi vya mbao kimo cha inchi 24, laza mzoga, ufunike kwa inchi 24 nyingine. Joto la rundo lenyewe huua vijidudu vingi.

Lakini mnyama akiuawa kwa sindano ya pentobabitali ili asiteseke, hesabu inabadilika. Dawa hiyo imekutwa kwenye mboji hata baada ya mwaka. Tai akiudonoa mzoga huo, huanguka. Hata viwanda vinavyopika mizoga haviimalizi, na Februari 2017 chakula cha mbwa cha makopo kiliondolewa sokoni kwa sababu yake. Kwa hiyo, kabla daktari hajaivuta kwenye bomba, mwulize mzoga utakwenda wapi. Risasi ya mtu anayejua kulenga haiachi sumu hiyo. Ikibidi pentobabitali itumike, zika siku ileile, kwa kina, mbali na kisima, na mbwa wafungwe mpaka shimo lifukiwe.

Juma lijalo: dawa za minyoo na samadi.