Filamu ya Kihispania yahitaji msimuliaji

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayetoka Uvira kupitia Gatumba hadi Mutakura, kaskazini mwa jiji hili, husikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla hajashusha mzigo. Kihispania hakimo. Filamu ya lugha hiyo ikiletwa mtaani na maandishi ya Kifaransa chini ya picha, mama wa sokoni ambaye hakusoma Kifaransa ataangalia sura tu.

Dawa yake haiko mbali. Kampala, VJ Jingo alijipatia jina kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda, akizungumza juu ya sauti za waigizaji. Kenya inaye DJ Afro. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Hawa hawafasiri neno kwa neno. Hutia utani, huonya, humcheka adui, kama bibi anavyosimulia hadithi jioni.

Chukua *Roma*, filamu ya Alfonso Cuarón ya 2018. Yaya wa Mexico City anawahudumia mabosi kwa Kihispania, lakini na mwenzake huzungumza Kimixteki, lugha ya kwao. Nani Bujumbura hajamwona msichana wa namna hiyo, aliyekuja mjini kutafuta kazi za ndani? Msimuliaji hodari wa Kirundi angeishika hadithi hiyo tangu mwanzo.

Tatizo ni haki za mwenye filamu. Nyingi za tafsiri hizi hutengenezwa na kuuzwa bila ruhusa yake, na anayebeba diski kuvuka mpaka ndiye anayeulizwa na forodha.