Asili ya One-Punch Man na Kalamu ya Yusuke Murata

Baina ya hadithi za picha zitokazo Japani, ambazo vijana wetu wa ughaibuni huziazima maktabani na kuzigombea majumbani, hakuna niipendayo kuliko One-Punch Man. Na kwa kuwa wengi waisomao huvutiwa na michoro yake bila ya kujua jinsi ilivyozaliwa, nimeona ni wajibu kuieleza asili hiyo, ambayo yenyewe ni sehemu ya uzuri wake.

Mwaka 2009 kijana mmoja wa Kijapani, atumiaye jina la ONE, alianza kuweka katika intaneti, bila ya malipo wala mchapishaji, kisa cha shujaa aitwaye Saitama, ambaye kwa muda wa miaka mitatu alijizoeza kila siku pushapu 100, kuinuka kitako mara 100, kuchuchumaa mara 100 na kukimbia kilomita 10, hata nywele zake zote zikapukutika, naye akajaaliwa nguvu ambazo kwazo kila adui huanguka kwa ngumi moja. Michoro ya ONE ilikuwa hafifu na mistari yake ikiyumba; lakini kisa kilikuwa na roho, kwani kiliuliza jambo ambalo hadithi za mashujaa hulikwepa: asiyeshindwa hubakiwa na nini cha kutamani? Saitama huangamiza dubwana lililotisha mji mzima, kisha hurudi nyumbani na majonzi moyoni, akiwaza asije akachelewa siku ya bei nafuu dukani.

Miongoni mwa waliokisoma alikuwamo Yusuke Murata, mzaliwa wa Miyagi, stadi aliyekwisha kupata sifa kwa kuchora Eyeshield 21, hadithi ya mpira wa Kimarekani iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Jump tangu 2002 hata 2009, na ambaye tangu utotoni alishinda mara mbili shindano la kubuni maadui wa mchezo wa kompyuta wa Mega Man. Mtu wa daraja lake angeweza kumtafuta mtunzi mwenye jina kubwa. Yeye alimwendea kijana asiyejua kuchora, akamwomba ruhusa ya kukichora upya kisa chake, na Juni 2012 toleo hilo jipya likaanza kutoka katika tovuti ya Tonari no Young Jump ya kampuni ya Shueisha.

Hapa ndipo taadhima yangu kwa Murata inapozidi. Madubwana yake yana magamba, mishipa na meno yaliyochorwa moja moja. Majengo huporomoka na kila tofali likaonekana. Ilhali uso wa Saitama mara nyingi ameuacha vile vile alivyoubuni ONE, mviringo mtupu wenye macho mawili yasiyo na makuu, na katikati ya fahari yote hiyo utupu huo ndio unaolishika jicho. Tena, kwa kuwa intaneti haina uhaba wa karatasi kama jarida, mara nyingine amechora kurasa nyingi mfululizo za tendo moja, kila ukurasa ukisogea kidogo tu kuliko uliotangulia, hata msomaji azipitishapo upesi huona kama yu mbele ya sinema. Aghalabu hurudi pia kuzirekebisha sura zilizokwisha kutoka, kwa ihsani ya kazi yenyewe.

Lakini sehemu niipendayo kuliko zote si ya fahari. Ni pale Mumen Rider, shujaa wa daraja la C asiye na kipawa chochote ila baiskeli yake, anapomkabili Mfalme wa Bahari Kuu chini ya mvua, akijua fika kuwa hawezi kushinda, akapigwa, akainuka tena. Saitama anapofika na kulimaliza dubwana kwa ngumi moja, na mtu mmoja akawabeza mashujaa walioshindwa, yeye hujisingizia kuwa mdanganyifu aliyevuna jasho la wenziwe, ili heshima ya walioumia isipotee. Murata amelichora tukio hili kwa matone ya mvua na nyuso za watu, na mimi sijaona katika fani hii ukurasa unaoshinda huo kwa adili.

Atakaye kuanza, na aanze na juzuu ya kwanza, asome kutoka kulia kwenda kushoto kama ifanywavyo Japani, na asiharakishe kurasa zisizo na maneno.