Utumbo kutoka nje: ugonjwa wa aibu ambao unatibika kwa upasuaji

Wengi wanauficha kwa miaka. Mama anakwenda chooni, anajikaza, kisha anahisi nyama laini imetoka nyuma. Anairudisha kwa mkono, anafunga kitambaa na kwenda shambani bila kumwambia mtu. Wengine wanafikiri ni bawasiri, wanatumia dawa za majani, na shida inaendelea.

Kinachotoka ni puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, baada ya misuli na nyuzi zinazoishikilia kulegea. Kwa watu wazima, wanaopatwa zaidi ni wanawake waliopita miaka 50, lakini hata wanaume na wanawake ambao hawajazaa wanaweza kuugua. Kufunga choo na kujikaza kwa muda mrefu huongeza hatari.

Kwa watoto wadogo, mara nyingi chanzo ni kuhara, minyoo au utapiamlo. Hayo yakitibiwa, wengi wao hupona bila kupasuliwa.

Kwa mtu mzima, dawa yenyewe ni upasuaji, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitia tumboni: daktari anavuta puru juu na kuishikiza kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Ya pili ni kupitia nyuma: utando uliozidi unaondolewa na misuli inakunjwa, kama alivyoeleza daktari wa jeshi la Ufaransa Edmond Delorme mwaka 1900, ama sehemu iliyotoka inakatwa. Njia hii ya pili hupewa mara nyingi wazee na wagonjwa dhaifu.

Njia ipi ni bora? Utafiti wa Uingereza uitwao PROSPER, uliotangazwa mwaka 2013 na kuhusisha wagonjwa 293, haukuona njia iliyoshinda nyingine waziwazi. Ugonjwa ulirudi kwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, lakini kwa njia zote maisha ya wagonjwa yalikuwa bora zaidi.

Baada ya operesheni, kuzuia choo hurudi polepole, kwa miezi, na si kwa wote. Mgonjwa anashauriwa kunywa maji mengi, kula mboga na matunda, kutojikaza, na kuacha mizigo mizito ya mgongoni kwa majuma kadhaa. Ugonjwa ukirudi, unaweza kupasuliwa tena.

Kama nyama iliyotoka hairudi ndani, inauma sana au inageuka nyeusi, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo. Na damu chooni isiitwe tu bawasiri kabla daktari hajapima.

Huko Bukavu, wamama wenye fistula nao walijificha zamani. Tangu hospitali ya Panzi ilipoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, maelfu wamejitokeza na kutibiwa. Ugonjwa huu pia unangoja mtu wa kwanza kusema: mimi naumwa hapa.