Sarakasi ya Idi na Fungu la Mama



Idi ikifika, mtoto akishavaa nguo mpya na kupokea mkono wa Idi, swali lake huwa moja: tunakwenda wapi? Wengi hapa Mombasa huelekea bembea za Makadara. Idi hii sisi na watu wa nyumbani kwetu tulikwenda kutazama sarakasi ukumbini, na tuliyoyaona, matamu na machungu, tumependa tuwagawie.

Utamu wake haukuwa haba. Vijana wanane walijenga mnara kwa miili yao, wa juu kabisa akasimama mabegani mwa wenziwe kwa utulivu kama aliye juu ya ardhi. Mwengine alipanga viti kimoja juu ya chengine, kisha akasimama kwa mikono kileleni, miguu ikielekea dari. Ukumbi mzima ukatamka: Mashaallah! Wala fani hii si ngeni kwa Waislamu. Wanasarakasi wa Sous nchini Morocco, waitwao wana wa Sidi Ahmad u Musa, walisifika kwa minara ya watu, na katika karne ya 19 walionyesha ustadi wao Ulaya na Marekani. Jirani zetu wa Tanzania nao walipeleka vijana China katika miaka ya 1960 kuisomea. Tuliwaonyesha watoto wetu yule aliye chini ya mnara: hapigiwi makofi, lakini akitetereka yeye, wote huanguka.

Machungu nayo yalikuwapo. Onyesho la saa nane lilianza saa tisa, na adhana ya Alasiri ikatukuta katikati. Ukumbini hapakutengwa mahali pa kuswali, ikabidi tutoke kwa zamu hadi msikiti wa karibu. Baadhi ya mavazi ya jukwaani hayakuwa na staha. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, wanaume na wanawake wakasukumana. Na usiku ule tulimkuta mtoto wa miaka saba akipanga viti vya sebuleni ili naye apande!

Lakini lililotuuma zaidi halikuwa jukwaani. Katika safu za viti akina baba walijaa, akina mama walikuwa wa kuhesabika. Tulipowauliza wenzetu, jawabu lilikuwa lile lile: mama amebaki na sufuria, wageni watakuja.

Ndugu zetu, katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mahabeshi walicheza kwa ngao na mikuki msikitini siku ya Idi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza Bibi Aisha kama angependa kutazama. Akamsimamisha nyuma yake, shavu kwa shavu, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Basi aliyekuwa na umma mzima wa kuushughulikia alipata wasaa wa kumfurahisha mkewe. Sisi tuna udhuru gani?

Hatusemi kila onyesho liendewe. Baba na aulize kabla ya kununua tiketi: linaanza na kumalizika saa ngapi, wachezaji huvaa nini, familia hukaa wapi? Likiingia wakati wa swala, ajue mapema ataswali wapi. Watoto waelezwe kwamba wale vijana wamefanya mazoezi miaka mingi, wakiwa na mwalimu na godoro chini yao. Na pilau ipikwe mapema kwa kusaidiana, wageni wakaribishwe baada ya Magharibi, ili mama naye afunge mlango atoke na wanawe. Mnara wa nyumba umesimama juu ya mabega yake, naye ana haki ya kuiona Idi.

Mwenyezi Mungu azijaalie Idi zetu ziwe za furaha na twaa. Amin.