Jani la miaka milioni 12 na jamaa zake walio hai

Hebu toka nje kidogo. Tafuta majani matatu: la mwembe, la mkaratusi na la mzambarau. Kama mtaani kwenu hakuna mzambarau, uliza mtaa wa pili. Sasa niambie, yapi mawili ni ya ukoo mmoja?

Wengi wetu tungesema mwembe na mkaratusi, kwa sababu majani yote mawili ni marefu na membamba. Hapo umenaswa. Inua la mkaratusi juani uangalie mishipa. Ile midogo inayotoka katikati inaishia kwenye mshipa mmoja unaopita karibu na ukingo, kuzunguka jani lote, kama bypass inavyozunguka mji. La mzambarau linao pia. La mwembe halina. Mkaratusi na mzambarau ndio ndugu. Mwembe ni mpita njia tu.

Mimi niliacha chuo na botania sikuwahi kuisoma, lakini hii kitu imenishika. Ndivyo wataalamu wanavyotambua majani yaliyogeuka mawe. Kwenye mwamba hakuna gome wala harufu, na mara nyingi hakuna ua wala tunda. Kuna alama ya jani, tena pengine nusu. Umbo linadanganya, kwa hivyo wanafuata mishipa: inatoka kwa pembe gani, inaungana wapi, ukingo ni laini au una meno. Halafu wanatafuta jamaa aliye hai wa kumlinganisha naye.

Jamaa wengi wamehifadhiwa hapa Nairobi, Museum Hill. Herbaria ya Afrika Mashariki ina takriban sampuli milioni moja za mimea, iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Mafuvu ndiyo hupigwa picha na wageni. Majani hukaa kabatini, pole zao.

Mwaka wa 1987, Mmarekani Bonnie Jacobs na Christine Kabuye, aliyekuwa akiongoza herbaria hiyo, walichapisha utafiti kuhusu majani ya mawe kutoka Milima ya Tugen, Baringo. Jivu la volkano liliyafunika miaka milioni 12 hivi iliyopita. Baringo ya leo unaijua: jua kali, migunga, mbuzi, vumbi. Majani yale yalitoa habari nyingine kabisa. Hapo palikuwa na msitu wa mvua, na jamaa wa baadhi ya miti yake leo wanapatikana misitu ya Kongo na Afrika Magharibi.

Usidhani ni rahisi kama kusoma kitambulisho. Ukoo unaweza kupatikana, lakini spishi ni kazi ngumu, maana miaka milioni 12 inatosha mti kubadilika. Na jamaa wenyewe wanaisha. Kwetu, msitu wa aina ile ya Kongo umebaki Kakamega, kipande tu. Mti ukikatwa ukaisha kabla mtu hajakausha hata tawi lake moja, jani lake la mawe litalinganishwa na nini?

Hilo jani la mzambarau usilitupe. Liweke katikati ya gazeti, weka kitabu kizito juu, na ubadilishe gazeti kila siku hadi likauke. Kisha andika pembeni ulikolichuma na tarehe.