Kabla Ambulansi Haijafika Rubaya

Jumatano, tarehe 28 Januari 2026, mlima wenye mashimo ya koltani uliporomoka Rubaya, wilayani Masisi, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, Kongo. Waasi wa M23, wanaoushikilia mji huo tangu mwisho wa Aprili 2024, walisema waliokufa ni zaidi ya 200: wachimbaji, watoto na kina mama wa sokoni. Majeruhi kama 20 walilazwa katika vituo vya afya vya hapo hapo. Hadi Ijumaa, ambulansi za kuwapeleka mjini Goma zilikuwa zikitarajiwa kesho yake.

Kutoka Rubaya hadi Goma ni kama kilomita 60.

Siku hizo zote kazi ya uokoaji ilikuwa mikononi mwa watu wa karibu, na ndivyo ilivyo pande hizi hata pasipo na maporomoko. Kwenye karatasi mambo yamepangika. Masisi ina zoni nne za afya: Masisi, Katoyi, Kirotshe na Mweso. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, inazo Walikale, Kibua, Itebero na Pinga. Mgonjwa huanzia kwa reko, yule mhudumu wa afya wa kijiji, akapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali kubwa ya zoni, na akizidiwa, mjini. Ila kati ya ngazi moja na nyingine kuna mlima, tope, msitu na vizuizi vya watu wenye bunduki. Mgonjwa hulazwa kwenye machela ya mianzi na blanketi, wanaume wanne wakaibeba begani, wengine wakafuata nyuma ili kupokezana. Penye njia ya pikipiki hukalishwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma akimkumbatia asianguke. Fikiria mjamzito mwenye uchungu katika safari hiyo.

Ni kwa sababu hiyo Madaktari Wasio na Mipaka, walioko Masisi tangu 2007, walijenga karibu na hospitali makazi ya kusubiria. Wajawazito wenye dalili za hatari huhamia hapo majuma kadhaa kabla ya kujifungua, hivyo machela husafiri mapema, mama akiwa bado ana nguvu. Hakuna gari la kifahari hapo wala helikopta, bali kitanda, chakula na mkunga aliye jirani. Huenda huo ndio mpango wa dharura wenye akili kuliko yote uliowahi kubuniwa wilayani humo.

Lakini nani analipa? Kwa miaka mingi jibu limekuwa: wageni. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilibeba karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Januari 2025 ikafunga mfuko, na mwezi huo huo M23 wakaingia mji wa Masisi-centre tarehe 4, kisha Goma tarehe 27, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi vita vikafika Walikale-centre. Mahitaji yalipanda wakati ule ule fedha na njia vilipokatika.

Fedha za wageni zina kasoro nyingine: hufuata ugonjwa unaotisha dunia. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, ikagusa hata Pinga, misururu ya magari ya riposti, yaani ya vikosi vya kupambana na ugonjwa huo, ilijaa barabarani. Ugonjwa huo uliua watu 2,287. Katika kipindi hicho surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini kote, wengi wao watoto, ilhali chanjo yake ni ya zamani na ya bei ndogo.

Na pesa za nyumbani? Zipo. Katiba ya 2006 inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, ahadi ambayo Kinshasa haijawahi kuitimiza kikamilifu. Sheria ya madini ya 2018 inakwenda karibu zaidi na kijiji: katika kila dola 100 za mrabaha, 25 ni za mkoa na 15 ni za sekta au sheferi, yaani serikali ya vijijini, mahali mali inapochimbwa. Mgodi wa Bisie, huko Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Kwa upande wa Rubaya, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huo kwamba M23 walikuwa wakikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani.

Sehemu ya zile dola 15 ingetosha kuanzia: posho ya reko, vocha za simu, bidoni za mafuta, madaraja ya miti, na machela imara kila kijiji. Kazi ni kuhakikisha inafika huko. Sheria ya 2008 inataka bajeti ya sekta ipitishwe na baraza lililochaguliwa na wananchi. Mabaraza hayo ya sekta hayajawahi kuchaguliwa. Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, Masisi haikupiga kabisa kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mama wa Nyabiondo, huko Masisi, anayetaka kujua kwa nini kituo chake cha afya hakina mafuta ya ambulansi hana diwani wa kumuuliza.