Mafunzo kwa Njia ya Mchezo: Namna Yanavyoweza Kuwafaa Wahamasishaji wa Afya ya Jamii

Katika kumbi nyingi za mikutano mjini Lodwar, mafunzo ya wafanyakazi huendeshwa kwa mtindo mmoja. Washiriki hujiandikisha asubuhi, hunywa chai, kisha husikiliza mihadhara hadi jioni. Ifikapo saa nane mchana joto limepanda, mwezeshaji anasoma maneno yale yale yanayoonekana ukutani, na walioketi nyuma wanapigana na usingizi. Siku ya mwisho vyeti hutolewa na picha hupigwa. Ni nadra mtu kurudi baada ya mwezi kuuliza ni kipi kilichobaki kichwani.

Kwa baadhi ya kazi, hasara yake si kubwa. Karani aliyesahau namna ya kujaza fomu humuuliza mwenzake wa meza ya pili. Mhamasishaji wa afya ya jamii aliye ndani kabisa ya Loima au Kibish, mbali na zahanati na pengine mbali na mtandao wa simu, hana wa kumuuliza. Akisahau, anayeumia ni mtoto. Ndiyo sababu mbinu ya kuingiza vipengele vya mchezo katika mafunzo ya kazini inafaa kuangaliwa na kila idara inayoandaa warsha, hasa idara ya afya.

Itakumbukwa kwamba mnamo Septemba 25, 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii kote nchini. Walipewa simu za kunakili taarifa na mikoba ya vifaa, ukiwemo utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kila mmoja huhudumia takriban nyumba 100. Nyumba 100 mtaani Nairobi ni matembezi ya kupanda na kushuka ngazi. Kwa jamii ya wafugaji, nyumba hizo zinaweza kuwa zimehama kufuata malisho kabla ya ziara ya pili. Mhamasishaji hulazimika kuamua hapo hapo alipo, kwa kile anachokumbuka.

Mchezo gani unaozungumziwa?

Si mapumziko ya kuchangamsha washiriki baada ya chakula cha mchana, ingawa hayo nayo yana nafasi yake. Kinachochukuliwa kutoka kwenye mchezo ni ule muundo wake. Wazee wanaocheza bao mchangani chini ya mti hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kila mchezaji anajua anachotafuta, kanuni ni zile zile kwa wote, matokeo ya kete yanaonekana papo hapo, na anayeshindwa anaomba mchezo mwingine. Warsha ya kawaida haina hata kimoja kati ya hivyo. Mshiriki anaweza kukaa siku tano bila kutakiwa kuamua lolote, na bila kujua kama amekosea.

Faida kubwa zaidi, kuliko hata uchangamfu, ni kwamba mchezo humlazimu mtu kukumbuka. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma maandishi fulani mara nne. Jingine liliyasoma mara moja, kisha likajaribiwa mara tatu bila kuyaangalia tena. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojaribiwa asilimia 61. La kushangaza ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Wasimamizi wa mafunzo wanaotegemea fomu za mwisho wa warsha, zile za kuuliza kama mshiriki ameelewa, wana cha kufikiria hapo.

Kenya yenyewe ina mifano. Shirika la Amref lilitengeneza mfumo uitwao Leap, ambao huwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kupitia simu za kawaida kwa ujumbe mfupi na sauti, pamoja na maswali ya kujipima. Hauhitaji simu ya bei ghali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, nao walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE kwa ajili ya wauguzi na madaktari. Mchezaji hujikuta katika hospitali ya kwenye kioo cha simu, mbele ya mtoto mchanga asiyepumua. Lazima achague kifaa na hatua inayofuata huku saa ikienda, kwa kuwa mtoto wa aina hiyo anatakiwa kuanza kusaidiwa ndani ya dakika moja ya kwanza. Akikosea, anaelekezwa na kujaribu tena. Humo anaweza kukosea mara kumi bila mtu yeyote kudhurika.

Mfano wa utepe na kadi

Hata bila simu mchezo unawezekana. Chukua kazi ya kutambua utapiamlo kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kanuni zake ni chache. Mzingo wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Mhadhara wa dakika tano unatosha kuyasema hayo, na hapo ndipo wengi huishia.

Sasa tuseme mwezeshaji ameandika kadi 30, kila moja ikiwa na mtoto mmoja: umri, kipimo cha mkono, hali ya miguu, na jambo moja au mawili aliyoyasema mama. Washiriki wanne wanakaa pamoja na kuamua kwa kila kadi: apelekwe kituo cha afya leo, aandikishwe kwenye lishe ya nyongeza, au mama ashauriwe na mtoto apimwe tena. Kadi nyingi ni nyepesi. Kisha inakuja kadi ya mtoto mwenye sentimita 13, kijani kabisa, lakini miguu yote miwili imevimba, na ikibonyezwa kwa kidole gumba kwa sekunde tatu inabaki na shimo. Kundi lililozoea kutazama rangi tu litamrudisha nyumbani. Mtoto huyo ana utapiamlo mkali na anatakiwa kituoni siku hiyo hiyo. Aliyekosea kadi hiyo mbele ya wenzake hataisahau kwa urahisi. Mabishano yanayozuka mezani ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo mwezeshaji asiyakatize mapema.

Raundi ya pili ni ya mikono. Watu wawili wanampima mtoto mmoja, kwa ridhaa ya mzazi, kila mmoja bila kuona namba ya mwenzake, kisha wanalinganisha. Mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, utepe usibane wala usilegee. Tofauti ya nusu sentimita inatosha kumhamisha mtoto kutoka nyekundu hadi njano. Wanaofanya tafiti za lishe wanalijua zoezi hili: kabla ya kwenda nyanjani hupima watoto wale wale mara mbili ili ionekane nani anajirudia sawa na nani la. Tayari ni nusu ya mchezo.

Mahali mbinu hii inapoharibika

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba alama na orodha ya washindi ndizo zenye nguvu. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliripoti kuhusu wafuaji nguo katika hoteli za Disney huko Anaheim, California, ambao kasi yao ilionyeshwa kwenye vioo kwa majina, kijani kwa wanaofikia kiwango na nyekundu kwa waliobaki nyuma. Wafanyakazi wenyewe waliuita mfumo huo kiboko cha umeme. Baadhi waliogopa hata kwenda msalani. Huo ulikuwa usimamizi wa kuhimiza kwa aibu, uliovalishwa nguo za mchezo.

Zawadi nazo zina upande wake wa pili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1973, watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora. Baada ya kupokea cheti, hamu yao ya kuchora wenyewe ilishuka kuliko ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Kwa wahamasishaji, hatari ni kubwa zaidi ya kupoteza hamu. Iwapo alama zitatolewa kwa idadi ya nyumba zilizotembelewa au ripoti zilizotumwa, atakayeongoza orodha huenda akawa ni yule anayejaza ripoti akiwa ameketi kivulini. Takwimu hizo ndizo huongoza mgao wa chakula cha tiba na dawa. Kwa hiyo alama za mchezo zibaki ndani ya mafunzo, zisiguse kamwe taarifa za kazini. Wala beji si badala ya posho. Mhamasishaji anayesubiri malipo yake ya miezi iliyopita ataiona nyota ya dhahabu kwenye simu kuwa ni dhihaka, na atakuwa na haki.

Usawa nao uangaliwe. Shindano la kwenye intaneti litawapa ushindi walio Lodwar na Kakuma mjini, si kwa sababu wanajua zaidi bali kwa sababu wana mtandao na mahali pa kuchaji simu. Mhamasishaji mwenye umri mkubwa anaweza kujua dalili zote za hatari na bado akachelewa kugusa kioo. Mchezo unaohesabu sekunde utamwita mjinga. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei, darasa moja linaweza kuwa na wazungumzaji wa Kisomali, Kiarabu, Kidinka, Kiswahili na Kiturkana. Hapo kadi za picha zina faida kuliko za maandishi, na ni afadhali kila kundi lichanganywe lugha ili washiriki walazimike kuelezana.

Kwa idara inayotaka kujaribu, gharama ya kuanzia ni karatasi ngumu, kalamu za rangi na tepe zile zile zilizo mikobani. Alama zitolewe kwa kundi, si kwa mtu mmoja. Kadi zilizokosewa na wengi zirudiwe katika mkutano wa mwezi unaofuata, bila kutangazwa mapema. Na kipimo cha kwamba mafunzo yamefaa kisichukuliwe ukumbini. Baada ya wiki sita, msimamizi afuatane na mhamasishaji hadi bomani, ampe utepe, asimame kando na kutazama kama atakumbuka kubonyeza miguu.